Mlango wa Chumba cha Cherehani

4 Februari

Dada mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi hatujambo. Goti la Mama ndilo lenye jambo, na kwa uchunguzi wangu humuuma zaidi vyombo vikiwa vichafu. Wifi yako mzima. Binti yetu mkubwa, yule tunayemwita Wakili, ameingia darasa la sita, na juzi kamshinda mwalimu wake kwa hoja asipewe adhabu ambayo kwa maoni yangu aliistahili kabisa. Mdogo wake ameng'oka meno mawili ya mbele na anamtabasamia kila mpita njia ili mapengo yaonekane.

Nakuandikia kwa sababu Mama amezikataa tena habari za simu. Anasema simu ni ya "hujambo, sijambo, niko kazini." Mambo ya nyumba yanataka karatasi, na karatasi inataka kusomwa mezani watu wametulia. Msomaji ni mimi, maana macho yake na herufi ndogo hayapatani tena.

Nyumba imekwisha, Dada. Tumehamia wiki tatu sasa. Maji yanatoka, paa halivuji, na umeme usiniulize, fundi wake namjua. Shida ni sebule. Ni kubwa, nyeupe, na haina mtu. Nimeweka makochi mapya manne kuizunguka, meza ya kioo katikati, na soketi kumi na moja. Usicheke. Fundi umeme akijijengea mwenyewe hajui pa kuishia. Ukisema neno mle, ukuta unalirudia. Wifi yako anasema akikaa anahisi kama ataitwa namba yake aingie kwa daktari. Wageni wanakalia ncha ya kochi, wanamaliza chai haraka, wanaaga. Na Mama, ambaye kwa kweli nyumba hii ni yake, hakai hata kidogo. Anachukua stuli yake na kwenda jikoni, anakaa kati ya jiko na ndoo. Nikimwuliza, anajibu, "Sebule yako nzuri, mwanangu, itunze." Unamjua. Akikisifu kitu huku anakikimbia, ujue kimeshindwa.

Wewe ndiye mwenye kazi ya kupamba. Niambie nifanye nini sebule hii ipate sura ya watu. Na la pili, ambalo Mama amesimama nyuma ya kiti changu ahakikishe nimeliandika: unakuja lini? Miaka tisa, Dada. Anasema hataki tarehe, mpe mwezi tu.

Ndugu yako,
Fundi


27 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Barua yako imefika imelowa kona moja, sijui ni mvua ya njiani au chai yako. Msalimu Mama, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na aache kusingizia vyombo. Mkumbatie wifi. Mwambie Wakili kwamba shangazi yake yuko upande wake, mpaka atakapojua alichofanya. Mimi mzima, ila mafua ya Januari yamenipenda, hayataki kuondoka. Nimehama chumba. Mwenye nyumba wangu wa sasa ni mjane mwenye paka watatu na sheria kumi na mbili, na paka hawafuati hata moja.

Nimecheka soketi kumi na moja mpaka msimamizi wangu akaja kuuliza kama naumwa. Unataka kuchomeka nini humo, mdogo wangu, kiwanda?

Haya, nikupe siri ya kazi. Pale duka la samani napanga sebule tatu kila wiki. Naweka kochi, zulia, taa, na kitabu nimekifunua katikati kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi kuitikia hodi. Wateja wanapita, wanasema, "Lo, pazuri." Hakuna anayeishi pale. Kwa hiyo ujue umemwendea nani kwa ushauri: mtu anayepamba vyumba visivyo na watu.

Kwanza yatoe hayo makochi ukutani. Ukuta hautaanguka. Yavute katikati yatazamane, magoti ya mgeni yawe karibu na ya mwenyeji, watu wazungumze bila kupigiana kelele kama wako ng'ambo mbili za mto. Ile taa yako ya juu, ambayo najua ni nyeupe na najua inaumiza macho, izime jioni, weka mbili za chini zenye mwanga wa manjano. Hapo angalau soketi mbili zitapata ajira. Tandika zulia zito, mwangwi utakufa. Meza ya kioo mpe mtu usiyempenda. Mapazia achague wifi, wewe usitie neno.

Lakini hayo yote yanauzwa, na chumba cha vitu vya kununua tu ndicho hicho changu cha dukani. Sebule inataka kitu kimoja kilichoishi kabla yake. Nawe unacho, hatua ishirini kutoka hapo ulipo. Nenda nyumba ya zamani, chumba cha cherehani, ung'oe mlango wa Baba, uusimamishe ukutani sebuleni. Usiupige randa. Usiupake rangi. Usiuoshe. Unakumbuka alivyokuwa akiandika vipimo vya wateja kwa penseli upande wa ndani, kwa sababu daftari zilikuwa zikipotea na mlango haukuwahi kupotea. Viuno vya mtaa mzima vimo mle.

Sijawahi kuomba kitu cha Baba. Cherehani mlimpa binamu, nikanyamaza. Saa yake unaivaa wewe, vema. Sikuja kumzika, hilo nalisema mara moja kisha tuendelee. Naomba huo mlango tu. Uwe kwako, usimame hapo, nami nijue upo.

Kuhusu kuja, likizo hapa ni ngumu kupata. Nitaangalia.

Dada yako


30 Machi

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zimenibana. Shule moja huku imewekewa nyaya na mtu ambaye bila shaka alikuwa fundi bomba: ukiwasha taa ya darasa la kwanza, kengele inalia. Sisi wazima. Mama goti limepoa. Pengo moja limeanza kujazwa, na mwenye pengo amekasirika.

Dada, mikono yako na ibarikiwe! Nimeyavuta makochi katikati kama ulivyosema. Siku ya kwanza nilijikwaa mara nne, wifi yako mara moja tu na hiyo akanilaumu mimi. Siku ya pili nikawakuta watoto wamelala juu ya zulia wanachora. Zulia lenyewe wifi yako amelichagua, jekundu lililoiva, lina mistari ya kahawia, zito kiasi kwamba tulilibeba watu watatu na kusimama mara mbili njiani kupumua. Mwangwi umekufa kweli. Jana nilipiga chafya na ukuta haukunijibu. Taa za chini nimetengeneza mwenyewe, moja nimeiweka kwenye kona ya dirisha, nyingine nyuma ya kochi la Mama. Nimeliita kochi la Mama ingawa bado hajalikalia rasmi. Jumapili alikaa dakika kumi akimenya machungwa. Nilipita mlangoni mara tatu nimwangalie, mara ya tatu akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Meza ya kioo nimempa bosi wangu wa zamani. Ameshukuru sana, maskini.

Mapazia bado. Wifi yako ameleta vipande vya vitambaa saba na kuvibandika dirishani, kila asubuhi anaamka na kusimama mbele yake ameshika kiuno. Mimi sitii neno. Tumefikia mahali ambapo hata kukohoa nikiwa upande wa kitambaa cha bluu kunahesabiwa kuwa neno.

Ule mlango ni mzito, na seremala amesafiri. Tutaona.

Hukujibu unakuja lini. "Nitaangalia" si mwezi, anasema Mama.

Ndugu yako,
Fundi


12 Aprili

Fundi,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, paka wazima.

Umeniandikia barua nzima ya zulia na taa na mapazia, na mstari mmoja wa mlango. Mtu anayebeba zulia la watu watatu hashindwi na mlango. Na tangu lini fundi umeme mwenye bisibisi kumi na nane akamngoja seremala aje kung'oa bawaba tatu?

Nimekulea mgongoni, mdogo wangu. Ulipoivunja redio ya Baba ulikuja kunisimulia kwa dakika kumi nzima jinsi ulivyofagia uwanja. Nakujua ukianza kufagia.

Mlango uko wapi?

Dada yako


20 Mei

Dada,

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia mlangoni kwako. Barua hii nimeianza mara tano. Salamu zipo, watu ni wazima, sasa niache niseme.

Nyumba ya zamani haipo. Niliibomoa Agosti mwaka jana. Niliposema nyumba mpya inajengwa "uwanjani, nyuma ya ile ya zamani," nilikudanganya. Imejengwa palepale. Hii sebule unayonifundisha kuipamba imekalia chumba cha cherehani, ukuta kwa ukuta.

Ngoja, usiikunje karatasi. Paa lilikuwa limekwisha. Mvua za mwaka juzi zilikuwa zikimdondokea Mama kitandani, tukawa tunahamisha kitanda kila kukicha kama watu wanaocheza bao. Mwashi akaja, akaingiza kidole kwenye ufa wa msingi, kikazama chote, akasema hapa hapana pa kutengeneza. Uwanjani hapatoshi, udongo wa nyuma ni wa kinamasi. Nilijua nikikuuliza utasema hapana. Na ukisema hapana nisingejenga, kwa sababu sijawahi kukuvuka. Basi sikukuuliza. Nilijiambia asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo sasa nikiikumbuka naona aibu.

Kibaya zaidi, Mama aliniambia nikuandikie kwanza. Nikamwambia nimeshakuandikia. Akauliza umesemaje. Nikamwambia umesema sawa.

Kwa hiyo barua yako ya Februari ilipofika na nikaisoma mezani, nilipokaribia mahali pa mlango niliruka. Nikatoka kwenye mapazia nikaingia moja kwa moja kwenye "nitaangalia." Mama akasema, "Amekuwa mtu wa maneno machache." Ya Aprili nilimwambia ni salamu tu. Wakili alikuwa ananiangalia, maana yeye huhesabu kurasa.

Mbao na mabati niliwagawia waliokuja kusaidia kubomoa. Sikuchagua, Dada. Mlango ulikwenda na vingine. Ulipouomba nilitafuta wiki nzima kwa siri, nyumba kwa nyumba, nikijifanya nakagua nyaya. Nikaupata kwa yule mfuga kuku wa chini ya mtaa, mwenye sauti kama jogoo wake. Ndio ubavu wa banda lake. Nje ameupaka lami. Nikamwomba, akakataa. Akasema kuku wameuzoea. Ndipo nilipokuandikia habari za seremala.

Jumamosi iliyopita nilichoka. Nilimkalisha Mama jikoni, nikamwambia yote, na stuli sikupewa, nilisimama. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akasema, "Lete barua zote. Soma upya tangu ya kwanza. Na kidole chako kipite kila mstari, nikikiona." Nilisoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea. Nilipofika pale uliposema hukuja kumzika, akaniambia nisite kidogo. Kisha akaniambia niendelee.

Akavaa viatu, na goti lake hilohilo, akaenda mwenyewe kwa mfuga kuku. Sijui walisemezana nini. Alirudi akaniambia, "Vifaranga vyake vinakufa kwa baridi. Ukimfungia taa za joto banda zima na kumjengea ubavu mwingine, mlango ni wako." Nimemaliza jana.

Sikuogopa hasira zako, Dada. Niliogopa kwamba ukijua nyumba haipo, hutakuwa tena na sababu ya kuja.

Niandikie hata matusi.

Mdogo wako


2 Julai

Dada,

Siku arobaini na tatu, hakuna barua. Simu unaipokea, unasema "hujambo, sijambo, niko kazini," unakata. Kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nangoja mshindo. Lakini Mama amesema niendelee kuandika, hata kama naandikia ukuta, maana ukuta wenyewe sasa una habari.

Mlango umesimama sebuleni, mkabala na dirisha. Upande wa lami umegeukia ukuta, hauonekani. Upande wa ndani uliwaelekea kuku, mvua haikuufikia, jua halikuufikia, na nakiri kuku wamekuwa watunzaji bora kuliko mimi. Chini kidogo walikuwa wameacha alama zao. Mama hakutaka maji yauguse. Alikaa juu ya zulia siku mbili na brashi kavu ya viatu, anapangusa, anapuliza, anapangusa. Ndivyo alivyohamia sebuleni, bila mtu kumwambia. Stuli ya jikoni sasa anaikalia wifi yako akikata vitunguu.

Mgeni wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Aliomba choo, akaenda moja kwa moja akaushika komeo, akavuta. Akavuta tena. Akatuuliza tumemfungia nani.

Tangu hapo hatulali kwa wageni. Habari zilienea kwamba vipimo vya zamani vimerudi. Mama mwenye duka la kona alikuja kujitafuta, akajikuta juu ya bawaba ya katikati: kiuno 25. Alipiga kigelegele, akarudi kwake mbio, akawaleta binti zake watatu waje washuhudie, akawa anawaambia, "Msinione hivi." Yule polisi mstaafu amejikuta ana kiuno 30 na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine kwa nusu inchi. Anaapa alikuwa hajui. Alitembea sebuleni kwenda na kurudi, sote tukimtazama miguu, na kweli. Watu wanakaa, Dada. Wanajiegemeza kabisa. Nimeongeza viti viwili, soketi zote zimezibwa na watu.

Sasa kuna jambo, na Mama yuko nyuma ya kiti changu tena, kwa hiyo litaandikwa lilivyo.

Nilimwuliza kwa nini mlangoni hakuna watu wengi zaidi. Baba alishona miaka thelathini, na pale nilihesabu majina sitini na kidogo. Akaniambia kumbe mimi sikuwahi kuangalia. Nguo ikiisha na mwenyewe akaja kuichukua, Baba alilamba kidole gumba akafuta. Yaliyobaki ni ya wale tu ambao kazi yao haikuisha, au waliosema watapitia kesho wasipite.

Wewe umo. Chini ya komeo, peke yako. Hakuandika jina, ameandika "Binti." Bega 15, kifua 34, kiuno 26, urefu 45. Gauni.

Mama anasema kitambaa kilikuwepo, alikinunua mwenyewe wiki uliyoondoka, na kila akimwambia Baba akikate, Baba alijibu kwamba mtu akienda mbali mwili hubadilika, atampima tena akija. Mama anasema hakulisema kwa uchungu, alilisema kama fundi. Anataka ujue hivyo.

Sikuandikii ili nikuumize. Ungeulizia mwenyewe siku moja, na nimeapa siruki mstari tena.

Mdogo wako


15 Agosti

Mdogo wangu,

Mwambie Mama akae vizuri, na wewe weka kidole mstarini.

Nilikasirika. Sitakudanganya, nilikasirika mpaka paka wakanikwepa. Barua yako ya Mei niliisoma ndani ya chumba cha maonyesho, nimekaa kwenye kochi lisiloruhusiwa kukaliwa, na msimamizi akaniona akaondoka taratibu. Nilikuandikia matusi uliyoyaomba, kurasa tatu, na yalikuwa mazuri. Nilipoyasoma asubuhi nikaona yote nakulaumu kwa kubomoa nyumba ambayo mimi mwenyewe nimeikimbia miaka tisa.

Likizo si ngumu kupata. Nina siku za likizo ambazo hata ofisi wamechoka kuniandikia nizichukue. Nauli ipo. Mafua yaliisha Machi. Ukweli ni kwamba nilikuwa na nyumba moja ambayo Baba bado yumo, anakohoa, anakanyaga cherehani, mradi tu nisiufungue ule mlango nikakuta chumba kitupu. Nilipoambiwa amefariki, miaka minne iliyopita, nilifunga begi, Fundi. Nilifika mpaka kituo cha mabasi. Nilikaa pale basi likajaa, likaondoka, nikarudi chumbani nikawaambia ninyi kwamba kazini wamenikatalia. Hakuna aliyenikatalia. Hilo sikuwahi kumwambia mtu, na sasa unamsomea Mama mezani, wala usiruke.

Basi nilikuomba mlango uusimamishe kwako ili nijue upo mahali pasipo na chumba nyuma yake. Kumbe ulikuwa umeshakibomoa. Umenifanyia bila ruhusa jambo ambalo ningekukatalia mpaka nife, na bado sijui kama nimekusamehe au nimechoka tu. Nikifika tutajua. Ila ya kumdanganya Mama kwa jina langu, hiyo nakudai, jiandae.

Barua ya pili niliisoma nikacheka kwa polisi, nikacheka kwa mama mwenye duka. Nilipofika chini ya komeo nilikaa sakafuni. Alinipima asubuhi ile ya safari, gari likipiga honi nje. Nilimwambia, "Baba, acha, nitakuja kulichukua baada ya mwezi." Akasema, "Simama wima." Sikuwa na haraka yoyote ya maana.

Vipimo vyangu msiviguse. Kile kiuno 26 hakipo tena duniani, mwambie mama mwenye duka aniwekee nafasi kwenye chama chake. Kitambaa, kama Mama bado anacho, asikitoe sandukuni mpaka niwepo. Nitatafuta fundi wa kushona, atanipima upya.

Nafika tarehe nane Septemba, basi la asubuhi. Mwambie Mama sasa ana mwezi na tarehe juu yake. Njoo unipokee peke yako, nikishuka usiniulize safari ilikuwaje, chukua begi tutembee. Siku ya kwanza siingii sebuleni. Nipitisheni mlango wa nyuma, nikae na Mama jikoni, wifi anipe vitunguu nikate, watoto wanionyeshe hayo mapengo kabla hayajajaa yote.

Siku ya pili, nikishakula, waondoe wageni wako wote na viuno vyao. Nitaingia mwenyewe. Nina kilio cha miaka minne, Fundi, sikukilia popote kwa sababu hapakuwa na pahali, na nataka kukilia hapo alipokuwa akikaa. Nikichelewa kutoka, msinigongee.

Dada yako